Mlio Uliosikika Baada ya Gazeti

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kiseke na mke wa askari mstaafu niliyezoea kumwita Afande. "Mwandishi, mzee wako ametuacha," akasema. Ninyi wasomaji wa safu hii hamkumjua, ingawa kila nilipoandika habari ya silaha alinipigia kabla sijamaliza chai. Kwa miaka mingi alitunza ghala la silaha, na hakuna kilichomkera kama sisi waandishi kuita kila chuma chenye mtutu "bunduki ya kivita". Nilimwona mzee msumbufu. Nasema hivyo kwa aibu.

Kuna wakati, katika kijiji kimoja cha Sengerema, karibu na ziwa, mkulima wa mpunga alifyatua gobole kufukuza viboko waliokuwa wakimmalizia shamba. Gobole, kwa asiyelijua, hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, hulia mara moja, kisha mwenyewe huanza upya kazi ya kulijaza. Polisi walimchukua kwa mahojiano, nami nikaandika, nikiwa nimekaa mezani kwangu Mwanza, kwamba amekamatwa na bunduki ya kivita. Nilijua gobole haliuzi gazeti. Siku chache baadaye akaachiwa, maana kibali chake kilikuwa halali, lakini gazeti lilikuwa limetangulia kufika kijijini. Wakamtenga kama sisi Wasukuma tunavyojua kutenga: husalimiwi, hupewi moto kwa jirani, na ukifiwa utazika peke yako.

Afande hakunigombeza. Alinipandisha kivuko, tukavuka. Mchana wa jua kali tukaketi kwa jirani wa yule mkulima, mama wa makamo aliyekuwa akianika dagaa. Afande akamwuliza siku ile alisikia nini. "Ililia mara moja tu," akajibu. "Ila tulivyosomewa gazeti ndo tukakumbuka ilikuwa ta-ta-ta-ta, mfululizo. Hata sasa huwa inalia." Afande akamweleza taratibu kwamba mkulima alikwisha kulisalimisha gobole lake polisi, na kwamba yeye mwenyewe ameliona kituoni, limefungiwa. Mama akainua kidole. "Sikilizeni. Hiyo hapo." Ziwa lilikuwa limetulia na hakuna jani lililotikisika. Kuku uani waliacha kudonoa. Sikusikia kitu mwanzoni. Halafu, kutoka upande wa ile nyumba ya mkulima, nikaisikia, mfululizo, kwa mbali. Nikamwuliza Afande kama amesikia. "Sijasikia kitu," akasema. "Lakini mimi sikuandika."

Niliporudi nikaomba masahihisho yachapishwe. Yalipewa mistari miwili chini ya tangazo la viwanja, na sijakutana na mtu aliyeyasoma. Mkulima akahamia kwa binti yake Misungwi, na mpaka leo hajarudi kulala kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Tangu hapo huwa nasikiliza mijadala ya silaha redioni na vijiweni kwa wasiwasi. Watu wanataka sheria kali, wengine wanazipinga, na wote wanatumia maneno waliyoyaokota kwetu bila kujua ni chuma gani hasa wanachokizungumzia. Tunachagua neno linalotisha zaidi, kisha tunaliogopa kana kwamba hatukulitunga sisi. Mchana ule kule ng'ambo ulinionyesha kuwa hofu ya namna hiyo haihitaji hata bunduki.

Jana tulimzika Afande. Mkulima alikuja kutoka Misungwi, akakaa pembeni kabisa, mbali na viti vya wengine, bila mtu yeyote kumwelekeza hapo. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chakula akaniinamia sikioni. "Yule baba kule ni nani?" Sijui niwaelezeje, ila lile neno nililoliandika lilikuja lenyewe hadi kwenye ulimi, likasubiri. Nikalimeza. "Ni mkulima wa mpunga," nikasema. Mama akampelekea sahani, akapiga goti, akamwambia shikamoo. Mkulima alimtazama muda mrefu, kama anayehakikisha kwamba ni yeye aliyesalimiwa, ndipo akaitika. Nikaona ni heri niwaambie wenzangu wa kalamu kwamba tukikosea jina la silaha, sisi kesho tunaandika habari nyingine, na mwenye silaha anabaki akitafuta mtu wa kumsalimia.