Funguo Zilizoitika Mluzi

Baba yangu alianza kupoteza funguo mwaka ule alipofariki mama. Kabla ya hapo zilikuwa hazipotei, kwa sababu mama ndiye aliyejua zilipo. Baada ya msiba alibaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Kibeta, na kila nilipokwenda kumwona kutoka Kahororo, ninakoishi na kushona sare za shule, nilimkuta mlangoni anapapasa mifuko. Mara tulizikuta ndani ya ndoo ya mahindi, mara juu ya ukuta wa choo. Siku moja tulizikuta kibanjani, zimening'inia kwenye mgomba. Alizitundika pale ili apate mikono miwili ya kuondoa majani makavu.

Hazikuwa funguo chache. Baba alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na amekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijazaliwa. Kwenye pete moja ya chuma alibeba ufunguo wa nyumba, wa stoo, wa kabati la vitabu vya nyimbo, wa kinanda, na mwingine ambao hata yeye hakujua unafungua nini ila hakuthubutu kuutupa. Humo humo kulikuwa na kikata kucha, tochi ndogo kama kidole cha mwisho, kifungulia chupa, na chuma chenye meno mawili ambacho nyumbani tulikiita uma. Ukikigonga gotini kinatoa noti moja, ile ile siku zote, na kutoka kwenye noti hiyo baba huwapatia waimbaji sauti zote nne. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba ana uma kwenye funguo zake.

Kaka yangu anayeishi Dar es Salaam ndiye aliyeleta dawa. Alituma kifurushi kwa basi, na ndani yake kulikuwa na kidude cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo kuliko punje ya haragwe, chenye tundu la kupitishia pete.

"Unapiga mluzi, kinaitika," kaka alieleza kwenye simu. "Kinalia chenyewe mpaka ukifuate kilipo."

Baba alifurahi. Alikitia kwenye pete palepale, karibu na uma. Haikupita wiki akanipigia.

"Kile kidude cha kaka yako kimekufa."

"Umekipigia mluzi, Tata?"

"Nimepiga mpaka midomo imekauka. Hakiitiki."

Nilimwambia akitupe. Hakukitupa, kikakaa pale pamoja na ule ufunguo usiojulikana kazi yake.

Kwa wakati huo kwaya yetu ilikuwa katika taabu, na taabu yenyewe ilikuwa sisi wanawake wa sauti ya kwanza. Mazoezi hayakupita bila baba kusimamisha wimbo. "Sauti ya kwanza! Hamjala? Siwasikii!" Tukaongeza. "Mnaimba kama wagonjwa!" Tukaongeza tena, mpaka nikirudi Kahororo koo linawasha. Wanaume wa besi aliwasifu. Tuliona uchungu, lakini hakuna aliyebisha. Kwa maisha yangu yote baba alikuwa mtu anayesikia kile ambacho wengine hatukisikii. Mtu mmoja akikosea nusu noti katikati ya watu arobaini, baba alikuwa akimwelekezea kidole bila kugeuza kichwa.

Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, mwenye sauti ya juu iliyo safi kuliko zote. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba peke yake mistari ya kuongoza. Jioni moja baba alimsimamisha mara tatu kwenye mstari uleule, kisha akafunga kitabu.

"Sauti yako imekwisha," alimwambia mbele yetu sote. "Mstari huu ataimba mtu wa sauti ya tatu."

Yule mama aliweka kitabu chake kwenye benchi, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakurudi tena. Baadaye tukasikia amehamia Muleba, karibu na mwalo anakopokea samaki wanaotoka visiwani. Mimi nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye siku ile, na nilikuwa nimemsikia akiimba vizuri. Lakini sikumtetea. Nilidhani masikio yangu ndiyo hayajui.

Miezi michache baada ya hapo, tulipokuwa tumezidi kupaza sauti, ndipo tulipoanza kusikia kitu kinalia kwenye mazoezi. Pii, pii, pii. Kinalia kidogo, kinanyamaza. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa nyenje. Tulitafuta chini ya mabenchi na nyuma ya kinanda. Kisha zikalaumiwa simu, kwa hiyo baba, aliyepewa habari na padri, akaamuru kila mtu aweke simu yake kwenye kikapu mlangoni. Kikapu kikajaa, na bado pii, pii, pii. Wale wa sauti ya pili wakashindwa kujizuia kucheka.

"Mnacheka nini?" baba aliuliza.

"Kile kinacholia, Mwalimu."

"Hakuna kinacholia. Rudieni."

Mimi ni fundi nguo, nimezoea kutafuta kosa kwa kufuata uzi. Nikaanza kuangalia kinalia lini. Wakiimba besi peke yao, kimya. Sauti ya tatu, kimya. Sisi tukipanda juu kabisa kwenye "Mtakatifu", kinaanza. Tukishuka, kinaacha. Nikajua kwamba kitu hicho, chochote kilivyo, kinatusikiliza sisi. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo tu, na niliunga mkono wa kushoto wa shati mahali pa mkono wa kulia.

Jibu nililipatia Muleba. Parokia moja ya huko ilitualika kwenye sherehe yao, kwaya mbili ziimbe kwa kupokezana. Kwaya ya wenyeji iliposimama, nilimwona yule mama muuza samaki katikati yao, amevaa joho la kijani. Baba pia alimwona. Baada ya Komunyo, kanisa likiwa limetulia, yule mama alisogea mbele hatua moja akaimba peke yake. Sauti ilipanda hadi nikasisimka mikono. Na alipofika juu kabisa, karibu yangu, pii, pii, pii.

Watu waligeuka kututazama. Mimi nilimtazama baba. Alikuwa amevaa koti jepesi la kaki nililomshonea mwenyewe, na kwenye mfuko wa kulia, kupitia kitambaa, palikuwa na kitaa chekundu kinawaka na kuzimika. Baba alikuwa ametulia, macho yake yakiutazama mdomo wa yule mama. Kisha akainama akaninong'oneza.

"Yule anaimba au anasoma?"

Nilimshika mkono, nikatia mkono wangu mfukoni mwake, nikazibana zile funguo zote mpaka wimbo ukaisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kibeta mapema. Mama alitukataza sisi wasichana kupiga mluzi, kwa hiyo nilijifunza ukubwani, asubuhi ile, nikiwa kibanjani, nimejificha nyuma ya migomba. Baba alikuwa amekaa barazani anasoma kitabu cha sala, funguo ziko mezani, karibu na kiwiko chake. Nikapiga mluzi. Nilizisikia zikiitika nikiwa mbali, kwenye mibuni. Baba akafunua ukurasa. Nikasogea mpaka penye jiko, nikapiga tena. Zikaitika. Hakuinua kichwa. Nikasogea hadi kwenye ngazi, na hapo ndipo alipotazama.

"Umeanza lini kupiga mluzi wewe?"

Mluzi wangu alikuwa ameusikia. Funguo zilizokuwa zikilia pembeni ya mkono wake hakuzisikia.

Nilikaa kwenye kiti cha pili. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Kahororo, lakini yote yalinitoka.

"Tata, waitu, nakuomba, piga mluzi na wewe."

"Nilikwambia kimekufa."

"Piga tu. Ukiangalie."

Akapiga. Kitaa chekundu kikawaka, mchana kweupe, kikipepesa.

"Kinawaka," alisema, akashangaa kama mtoto. "Kumbe kinawaka!"

"Kinalia pia, Tata."

"Hakilii."

"Kinalia."

Alizichukua funguo akazipeleka sikioni. Akapiga mluzi tena. Safari hii hakukitazama kidude, alinitazama mimi usoni, muda mrefu.

"Sasa hivi kinalia?"

"Kinalia."

"Kinaliaje?"

"Pii, pii, pii."

Akaziweka mezani taratibu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Nilitegemea atakasirika. Badala yake akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Sauti ya kwanza. Mlikuwa mnaimba?"

"Tulikuwa tunapiga kelele, Tata."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Wiki hiyo hakwenda kwenye mazoezi, akatuma ujumbe kwamba ana mafua. Siku ya nne akanipigia na kuniambia nimpeleke hospitali.

Daktari wa masikio alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvalisha hedifoni, akamwambia ainue mkono kila anaposikia sauti. Nilikuwa nikimwona kupitia kioo. Mwanzoni mkono ulikuwa unainuka upesi upesi, kama mwanafunzi anayejua majibu. Baadaye ukabaki gotini. Nilihesabu mpaka nikachoka kuhesabu, na mkono haukuinuka. Yeye alikuwa amekaa wima, anasubiri, hajui kwamba sauti zinapita.

Daktari alipokuja kutueleza alikuwa na uma mkubwa mkononi, chuma chenye meno mawili.

"Wewe nawe ni mwalimu wa kwaya?" baba akamuuliza.

Daktari akacheka. Baba akatoa funguo zake, akauonyesha wa kwake, wakazigonga zote mbili na kulinganisha noti. Kisha daktari akaeleza kwamba sauti nene baba bado anazisikia vizuri, bali nyembamba zimekuwa zikiondoka moja moja kwa miaka, zikianzia zile za juu kabisa. Hazirudi, ila kuna kifaa cha kuvaa sikioni ambacho kitasaidia.

"Ziliondoka bila kuaga," baba alisema tulipokuwa nje. Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anawaza, na tulipofika stendi aliniuliza kama ndege wa kwenye mparachichi bado wanalia asubuhi. Nikamwambia wanalia. Akasema alidhani wamehama.

Kifaa kilipopatikana, safari yake ya kwanza ilikuwa Muleba. Tulimkuta yule mama mwaloni, anageuza dagaa juu ya nyavu. Alipomwona baba alinyooka, akafuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili yako." Baba alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi, lakini upepo wa ziwa uliikunja akairudisha mfukoni. "Siku ile nilisema sauti yako imekwisha. Ilikuwa nzima. Mimi ndiye nilikuwa sisikii, na sikujua."

Yule mama alirudia kugeuza dagaa.

"Niliacha kuimba miezi minne, Mwalimu. Hata jikoni. Nilikunywa tangawizi mpaka tumbo likaniuma. Mume wangu akasema labda ni moshi wa kubanika samaki. Nikaacha kubanika, nikahamia kwenye dagaa hawa wa kuanika juani."

"Kwa neno langu?"

"La nani mwingine? Wewe ndiye uliyenifundisha kuimba."

Baba aliinama, akaanza kumsaidia kugeuza dagaa, vibaya, akiwarundika pamoja, na yule mama akawa anapita nyuma yake kuwatawanya upya. Walifanya hivyo kwa muda. Mwishowe baba akamwomba arudi kwenye kwaya yetu.

"Hapana, Mwalimu. Huku tumeshazoeana. Walinipokea nikiwa na aibu, siwezi kuwaacha."

"Basi mnaimba lini?"

"Jumapili, misa ya pili."

Tulirudi Jumapili hiyo. Aliimba mistari ya zaburi. Baba alikaa benchi la tatu, sikio lenye kifaa amelielekeza mbele, na mdomo ukiwa wazi kidogo. Baada ya misa alimsubiri mlangoni. Alimwambia kwamba kwenye mstari wa tatu alichelewa kuvuta pumzi. Yule mama akacheka hadi akashika ukuta, akasema kweli, alichelewa.

Baba bado anaongoza kwaya. Kwa sauti za juu sana anasimama naye mwanamke mmoja wa sauti ya pili, na akisita anamtazama yeye. Kifaa chenyewe anakilalamikia kila siku. Anasema mvua ikipiga bati ni vita, na anakivua ikianza. Ila wiki ya kwanza alipokivaa kanisani, alitusubiri nje baada ya misa, amekunja uso, wanawake wote wa sauti ya kwanza.

"Kumbe mnakula pipi wakati wa mahubiri," alisema. "Nimesikia karatasi. Mmoja alikula tatu."

Huyo nilikuwa mimi. Zilikuwa nne.