Ofisi Iliyofunguliwa Siku Moja

Miaka mitatu iliyopita mbunge alikodi vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu. Msaidizi wake, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, alipigilia kibao juu ya mlango, akatia kufuli, akaenda zake na funguo. Kila mbunge hupewa fedha za umma za kuendeshea ofisi: kodi, samani, mishahara ya wafanyakazi. Kodi yetu ililipwa. Samani na wafanyakazi hatukuwaona.

Watu walikuja. Waliketi barazani na makaratasi yao tangu asubuhi, huyu ataka barua ya hospitali, yule karo ya bintiye. Mama akiwaambia, "Hapa hapafunguliwi, wanangu," walimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeficha funguo. Bwana mmoja aliyetoka mbali alimlaani mbele yangu.  Mama aliingia ndani akaanza kukuna nazi.

Kisha Jumatano moja likaja lori. Zikashushwa meza, na viti vyenye chapa ya hoteli fulani ya Nyali. Kesho yake watu sita nadhifu nisiowajua walikuwa wameketi mle ndani wakiandika-andika. Saa nne akafika mkaguzi wa serikali, mwanamke mwenye mkoba mzito. Alipokuwa akitoka alimwona Mama barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ofisi hii yafanya kazi tangu lini?"

Msaidizi alikuwa amesimama nyuma yake, akimtabasamia Mama. Nilimbana Mama mkono.

"Tangu jana," akasema. "Wallahi, tangu jana alasiri."

Mkaguzi aliandika, akashukuru, akaondoka. Adhuhuri haijaingia, lori likarudi. Msaidizi alingoja kiti cha mwisho kipakiwe, kisha akaja akachuchumaa mbele ya Mama kwa adabu zote.

"Mama, nyumba hii ni yenu?"

"Aliijenga marehemu mume wangu."

"Na ardhi?"

 Sisi, kama wengi huku pwani, tuna nyumba bila ardhi: kuta ni zetu, kiwanja ni cha tajiri ambaye hatujapata kumwona uso. Kila mwezi tunampelekea wakala wake kodi ya kiwanja.

"Nimeuliza tu," akasema msaidizi, akainuka.

Mwisho wa mwezi wakala alikataa kuipokea kodi yetu. "Msilete tena," alisema, bila kuniangalia.

Nilirudi nyumbani nikamfokea Mama. "Ungesema uongo mmoja tu!"

"Na hawa wanaokuja kuketi hapa kila siku," akauliza taratibu, "ningewatazamaje?"

Wiki iliyofuata walikuja wanaume wawili na futi ndefu ya kupimia. Walipima ukuta wa mbele, wakachora msalaba wa rangi nyekundu, alama ya nyumba za kubomolewa, karibu na dirisha la chumba cha Mama. Nilipowauliza wakasema wametumwa.

Mpaka leo hawajarudi. Gari likipunguza mwendo pale nje, Mama nami huacha kula, tukasikiliza hadi lipite.