Kura ya Bahasha Mbili

Mwalimu Abubakar aliileta barua ile siku ya Jumatano, tarehe tano Juni mwaka wa 2024, akiwa amevaa kanzu anayoivaa Ijumaa. Alibisha hodi mara tatu, akaketi barazani, akauliza hali ya nyumba, hali ya goti la Bi Mwanakheri, hali ya mfereji uliokuwa hautoi maji tangu Jumapili. Ndipo alipotoa chini ya kwapa bahasha kubwa yenye stempu za Ujerumani, akaishika kwa mikono miwili.

"Amana yako hii, Bi Mwanakheri. Ilifika katikati ya mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita, mwalimu?"

"Mwezi uliopita. Lakini nyumba ilikuwa na msiba. Barua ya serikali haiingizwi nyumba yenye matanga, watu hushtuka wakadhani kuna jengine tena. Nikasema niiache arobaini ya Bi Ummi ipite kwanza, nyoyo zitulie."

Hakuna wa kumlaumu. Nusu ya mtaa ule wa Likoni hutumia sanduku la posta la shule yake. Barua zikija, mwalimu huzipeleka mwenyewe mlangoni, moja moja, kwa salamu. Na Bi Ummi, shangazi yao marehemu, alikuwa amemlea Mwanakheri na mdogo wake Hashim baada ya mama yao kufa. Lau barua ingekuwa ya mtu mwengine na msiba wa mtu mwengine, Mwanakheri naye angeishika vivyo hivyo. Alimshukuru mwalimu, akamtilia kahawa, akangoja mpaka aondoke, ndipo akaifungua.

Ndani mlikuwa na karatasi ya kura ya Bunge la Ulaya, ndefu kama mkono wake kutoka begani, imejaa majina ya vyama zaidi ya thelathini. Mlikuwa na bahasha ndogo ya kutilia kura, na bahasha nyekundu ya kutilia ile ndogo. Na mlikuwa na onyo: kura iwe imefika ofisini Hamburg Jumapili tarehe tisa, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Itakayochelewa haitahesabiwa.

Zilibaki siku nne. Posta ilitaka wiki mbili.

Hashim alimkuta amekaa kitandani na zile karatasi mapajani. Hashim ni fundi wa friji, mtu wa mikono myeusi na mdomo usiotulia.

"Dada, ndiyo ile kura yako ya Wazungu? Ndefu hivi? Hii mtu akijifunga kiunoni inamtosha leso."

"Niache, Hashim."

"Nakuuliza tu. Ikifika isifike, kuna samaki atakayepungua bei hapa?"

"Wewe kura yako ya mwaka juzi iko wapi? Shule iko hapo, hatua mia, na hukwenda."

Hashim akanyanyua kidole chake kidogo, akakitazama. "Kweli. Mwaka ule sote wawili hatukuwa na wino. Wewe kwa sheria, mimi kwa hiari."

Alisema kwa mzaha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanakheri aliondoka Likoni mwaka wa themanini na tisa akiwa na miaka thelathini. Akafanya kazi katika jiko la hospitali huko Hamburg mpaka magoti yakakataa. Katikati ya miaka hiyo alichukua uraia wa kule, na wakati ule, kuchukua wa kule kulikuwa ni kuweka chini wa huku. Aliporudi mwaka wa 2018 alirudi kwao akiwa mgeni mwenye kibali. Uchaguzi wa 2022 ulipofika alimshika Bi Ummi mkono mpaka mlango wa chumba cha kupigia kura, karani akamwambia kwa upole, "Mama, wewe utangoja hapa." Alingoja. Shangazi akatoka na kidole cheusi, akamwonyesha kama msichana aliyetoka kutiwa hina.

Watu walioambiwa kuwa hana kura kwao, na aliyo nayo ni ya bunge lililoko Ulaya, walicheka. Hata wenyewe wa Ulaya wangecheka. Kule jikoni hospitalini, Jumapili za uchaguzi ule, wenzake walikwenda ziwani na watoto. Brigitte, aliyekuwa akimenya viazi karibu naye miaka kumi na moja, alimwambia mara moja, "Bunge hilo hata silijui linafanya nini. Brussels ni mbali." Mwanakheri alishangaa, maana Brussels si mbali na Hamburg, kwa treni unaondoka asubuhi, mchana umefika. Baadaye alielewa kwamba umbali wenyewe haukuwa wa njia. Mara nyengine karibu nusu ya watu hawakwenda kabisa. Hawakuzuiwa, na hawakuwa na hasira. Walikuwa nayo kura kama walivyokuwa na maji ya mfereji, na mtu hasimami kulitazama jambo ambalo halijawahi kukatika.

Aliporudi nyumbani akaona kwamba hata huku foleni zimefupika. Vijana wa mtaani walimwambia, "Bibi, tumepiga sana, tukapigwa sisi." Wale wa kule walichoka kwa kushiba, hawa wa huku kwa kungoja. Alilifikiri jambo hilo mara nyingi akichambua mchele.

Alasiri ile alifunga mlango wa chumba kwa komeo, akatandaza karatasi juu ya kitanda cha Bi Ummi, akatia alama moja. Akakunja, akatia katika bahasha ndogo, akalamba gundi. Akatia saini karatasi ya kiapo kwamba ameipiga kura mwenyewe, akaiweka pamoja na bahasha ndogo ndani ya ile nyekundu. Alipofungua mlango, Hashim alikuwa amesimama pale pale.

"Komeo la nini? Kwani nani hapa asomaye Kijerumani?"

Mwalimu Abubakar ndiye aliyepata njia. Habari ilikuwa imemrudia kwamba adabu yake imeichelewesha kura ya mtu, na usiku mzima hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi alituma ujumbe: mwalimu mwenzake Elkana ana dada, Pascalia, anayeuguza wazee huko Bremen. Alikuja likizo kumwona mama yao Changamwe, na anaruka kesho.

Mwanakheri alivuka feri, akapita kisiwani, akafika Changamwe saa saba, goti limevimba. Nyumba ilikuwa nyuma ya barabara ya malori, na kila lori lilipopita vikombe vilitetemeka kabatini. Pascalia alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku la nguo akijaribu kulifunga. Mwanamke wa miaka arobaini, nywele fupi, macho ya mtu wa zamu za usiku.

"Shikamoo, Anti. Kaa, kaa hapo. Usijali hii fujo, ni omena na unga. Mama anadhani Ujerumani kuna njaa."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanakheri alieleza haja yake. Pascalia aliipokea bahasha nyekundu, akaigeuza, akasoma anwani.

"Hii ni Hamburg. Mimi niko Bremen. Nikiitia posta Jumamosi jioni, Jumapili haitafika. Lazima mtu aipeleke mwenyewe." Akahesabu kwa vidole. "Treni saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Na Jumapili, Anti, ndiyo siku yangu pekee kabla ya zamu. Nilipanga kulala mpaka nisahau jina langu."

"Najua ni uzito."

"Na nikwambie ukweli? Mimi pia ni raia wa kule sasa. Karatasi yao ya kura ililetwa kwangu. Sijui hata niliiweka wapi, nafikiri ilienda na matangazo ya piza. Hebu nitajie mbunge mmoja wa huko. Mmoja tu."

Mwanakheri alifikiri. "Simjui hata mmoja kwa sura."

"Sasa?"

Lori likapita. Vikombe vikatetemeka, vikatulia.

"Wewe ulikuwa mdogo mwaka wa themanini na nane," Mwanakheri akasema. "Kulikuwa na kura ya mlolongo. Hakuna karatasi. Unatoka ukasimama uwanjani nyuma ya mtu wako, kila mtu anakuona. Babangu alikuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa na mtu wake, mtu masikini lakini msema kweli, akasimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nafagia nyumba ya wageni. Tajiri wangu alitukusanya asubuhi, akatuambia tusimame wapi."

"Ukasimama?"

"Nikasimama. Foleni mbili, uwanja mmoja, tumeelekeana. Babangu alikuwa mtu wa nne kule, mimi wa saba huku. Akaniona. Hakukunja uso, alinitazama tu kisha akatazama chini. Foleni yao ilikuwa ndefu kuliko yetu, kila mwenye macho aliona, ikatangazwa yetu ndiyo imeshinda. Wiki ile ile babangu aliambiwa ghalani hakuna kazi. Hakuniuliza mpaka alipokufa, nami niko ng'ambo. Angeniuliza ningemjibu. Hakuniuliza."

Pascalia alikuwa ameacha kusukuma sanduku.

"Hizi bahasha mbili," Mwanakheri akasema, "siku ya kwanza kuzipata kule nililia, Brigitte akadhani nimefiwa. Moja inafichwa na nyengine. Aisomaye saini yako haoni alama yako, aionaye alama yako hajui saini. Hilo bunge silijui, nakubali. Lakini kura hii sijapata kuikosa hata mara moja."

Pascalia hakusema atakwenda. Alisimama, akafungua mkoba wake wa mkononi, akaitia bahasha ndani, pamoja na pasipoti.

"Sikuahidi, Anti. Treni za kule siku hizi si zile ulizoziacha."

"Zilianza kuchelewa mimi niko."

Wakacheka wote wawili.

Jumapili Mwanakheri alipika wali, akausahau, ukashika chini. Alijua kwamba saa kumi na mbili ya Hamburg ni saa moja ya Likoni. Simu aliiweka juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa, akaifunua. Saa kumi na moja na nusu ukaja ujumbe: treni imesimama katikati ya mashamba, hakuna anayejua kwa nini. Hashim, aliyekuja kula wali ulioungua, aliusoma kwa sauti. Aliketi. Adhana ya magharibi ikatoka, akaenda kusali, akarudi mbio na viatu mkononi.

"Bado?"

"Bado."

Saa moja kasoro dakika tisa simu ikalia. Picha: mkono wa Pascalia, mdomo wa sanduku la chuma ukutani, na kona nyekundu ikiingia. Halafu sauti yake, anahema.

"Anti, imeingia. Nimekimbia kutoka stesheni kama mwizi. Nyuma yangu alikuja mzee mmoja na ndara, naye ana yake, akaniambia, 'Na wewe umekumbuka sasa hivi?' Nikamwambia si yangu. Akaniuliza, yako iko wapi? Jana niliitafuta ile karatasi, Anti, nikapindua pipa zima, sikuiona. Haya. Naenda kulala."

Mwanakheri aliisikiliza mara tatu. Kisha akanyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda na kufumba macho. Hashim alikuwa akikwangua ukoko wa wali kwa kijiko.

"Nimekesha na kura yako kama mgonjwa," akasema. "Nina haki yangu. Niambie mimi nduyo, siri yetu sisi wawili: ulimtilia nani?"

"Hashim, siku ile ya mlolongo ulikuwako uwanjani?"

Kijiko kikasimama. "Nilikuwako. Nilikuwa juu ya ukuta na wenzangu."

"Uliniona niliposimama?"

Akakiweka kijiko chini. "Nilikuona, dada."

"Basi," Mwanakheri akasema, na hakufumbua macho, "mara hii hukuniona."