Kiti cha Marehemu kwa Nusu Bei

Fundi viatu alikuwa hakosi mechi. Timu yake ikicheza nyumbani, saa saba mchana alifunika gundi, akafunga kibanda, akaenda uwanjani. Lakini mwaka ule hali ilikaza. Watu walivaa viatu vilivyotoboka badala ya kuvileta, na mkewe akamwambia bila kuzunguka, "Baba watoto, mpira hauchemki kwenye sufuria."

Akabana kila alipoweza. Alihama jukwaa la kivuli akahamia la jua. Akajifunza kungoja kipindi cha pili, tiketi zinaposhuka bei. Ndipo mteja wake mmoja, mama mjane, akamwuliza kama angependa tiketi ya msimu ya marehemu mumewe. Ilikuwa bado na miezi mitano, naye angeiachia kwa nusu bei. Fundi hakusubiri kuulizwa mara mbili.

Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha. Jukwaa zima lilikuwa limelowa chapachapa, ila kiti chake kilikuwa kikavu, tena cha moto, kama mtu kainuka sasa hivi. Jirani yake, mzee mwenye redio sikioni, alisema bila kugeuka, "Leo umechelewa."

Fundi akadhani amefananishwa na mtu.

Mechi ya pili kiti kilikuwa na joto vilevile. Katikati ya kipindi cha pili fundi alijikuta amesimama, anafoka, "Mpeni Kijiko! Kijiko yuko peke yake kushoto!"

Mzee alizima redio. "Jina hilo umelitoa wapi?"

"Sijui, mzee wangu. Limenitoka tu."

"Kijiko aliacha mpira miaka ishirini iliyopita. Hilo jina alipewa na mwenye kiti hicho, na wengine hatukulitumia."

Fundi hakungoja kipenga cha mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akamrudishia tiketi, akamweleza yote akitazama sakafu, maana aliona aibu.

Mama hakucheka. "Kiti kina joto?"

"Kama kitanda alichotoka mtu."

"Miaka thelathini alinibembeleza twende wote. Nikamwambia mpira ni wa watu wasio na kazi." Akaishika tiketi kwa mikono miwili. "Basi nitakwenda mimi."

Mechi iliyofuata fundi alinunua tiketi ya bei ya chini kabisa, nyuma ya goli, akamtafuta kwa macho. Alimwona mama amekaa ukingoni, nusu ya kiti tu, kama anayempisha mtu. Mara aliinamisha kichwa, akasikiliza, akacheka. Upande ule hapakuwa na mtu. Mzee wa redio alikuwa amesogea viti viwili mbali.

Fundi hakuuona mpira vizuri siku ile.

Wiki ile ile mama alipita kibandani, sauti imemkauka kwa kelele za uwanjani. Alivuta kigoda, akakaa.

"Fundi, hebu nieleze kuotea ni nini. Yeye anaeleza haraka mno, halafu mchezo unampita anakasirika."

Fundi aliweka nyundo chini. Akachukua misumari michache, akaipanga mezani kama mabeki, akaanza kumweleza polepole. Hakuuliza huyo "yeye" ni nani.