Ujumbe Kutoka Bani la Usoke

Naogopa simu yangu inapolia. Nikisema hivyo watu hucheka, na wanaocheka hawajawahi kumwambia baba yao aingie kwenye bani la tumbaku linalokaribia kuwaka.

Baba anakaushia tumbaku yake Usoke, ndani ya bani, kibanda kinachopashwa joto na tanuru la kuni. Mimi na mwenzangu tunaandika programu katika chumba tulichopanga nyuma ya duka la vitambaa, Tabora mjini. Tulimfungia kifaa kidogo kwenye bani. Fanksheni moja, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, inapima joto. Nyingine inafungua tundu la juu ili hewa ya moto itoke. Mojawapo ikishindwa, inanitumia ujumbe wenye jina lake.

Alasiri moja ujumbe ukaingia: "pima_joto imeshindwa." Nikampigia.

"Shikamoo baba. Kipimajoto kimekufa. Ingia tu ukibadilishe."

"Marahaba mama. Naingia sasa hivi."

Nikageukia kompyuta. Namba za joto zilikuwa bado zinakuja, tena zinapanda. Kipimajoto kilichokufa kinasomaje? Nikafungua programu yetu. Mwenzangu alikuwa amenakili fanksheni ya kupima ili atengeneze ya tundu, akabadilisha kila kitu isipokuwa jina lililomo ndani ya ujumbe, ambalo tulikuwa tunaliandika kwa mkono. Kilichokwama ni tundu. Joto lilikuwa la kweli, majani yamekauka kau, na baba yangu yumo ndani.

Nikapiga. Inaita, haipokelewi. Najua huiacha simu kwenye kigoda mlangoni isiharibiwe na joto. Nikapiga tena na tena. Mwenzangu akaanza kuniomba radhi, nikamfokea anyamaze.

"Wewe, mbona unapiga kama unanidai?" Baba alikuwa anakohoa.

"Uko wapi?"

"Nje. Humo hamkaliki. Napumua kidogo nirudi. Si umesema ni kipimajoto tu?"

Nikapiga kelele asirudi, avute kuni zote zitoke tanuruni. Akazivuta. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka mwenye duka akaja kuuliza nani amefariki.

Siku hizi majina hatuyaandiki kwa mkono. Kompaila, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, inachukua jina la fanksheni yenyewe na kulibandika kwenye ujumbe kabla programu haijaanza kazi. Ukinakili fanksheni ukaipa jina jipya, ujumbe nao unabadilika. Nimeijaribu kupita kiasi, na haijakosea.

Lakini bado naogopa. Ujumbe ukija nikampigia baba, anasimama mlangoni pa bani, mkono kwenye komeo, ananiuliza, "Niingie, mama?" Nasoma jina, nalisoma tena. Yeye anasubiri kwa utulivu kabisa. Hajawahi kuniuliza kama nina uhakika.