Jina Kamili la Mfamasia Kettwich

Irmtraud Vosskuhl alikuwa na kanuni moja kazini: mtu mzima akisimama kizimbani, aandikwe jina lake lote, awe nani awaye. Kwa miaka kumi na moja aliliandikia gazeti la mji wetu, mji mdogo wa Ujerumani, habari za mahakama, na kanuni hiyo haikumletea taabu yoyote. Mjane aliyeiba makaa ya mawe stesheni aliandikwa jina na mtaa. Mlevi aliyevunja kioo cha kanisa aliandikwa. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wanyonge hawana wa kuwasemea.

Mwaka 1963 alishtakiwa Kettwich, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha, walimokutana wenye vyeo wa mji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ofisa wa polisi huko mashariki mwa Ulaya, na huko aliamuru Wayahudi wa mji mzima, pamoja na watoto wao, wapigwe risasi kando ya shimo. Fundi cherehani mmoja, aliyetambaa kutoka shimoni usiku ule, alisafiri kutoka Haifa, Israeli, kuja kumtambua mahakamani.

Mhariri, Bwana Dierkes, alimwita Irmtraud ofisini.

"Andika 'K., mfanyabiashara'. Mistari ishirini, ukurasa wa sita."

"Mjane wa makaa nilimwandika jina zima, Bwana Dierkes."

"Mjane haimbi kwaya moja na mke wangu."

"Kumbe ningemwambia ajifunze kuimba."

Dierkes hakucheka. "Bi Vosskuhl, jina likitoka, nawe unatoka."

Kesi ilikwenda wiki saba, na kwa wiki saba gazeti letu lilimwita K. Irmtraud alitii, na hilo silisifu. Siku ya hukumu ilikuwa Jumatano, na kila Jumatano Dierkes alikwenda kula na wenzake wa chama cha shabaha, akimwachia Irmtraud kuidhinisha kurasa. Mahakama ilikuwa imemtia Kettwich hatiani na kumpa miaka minne. Irmtraud alishuka kwa wapanga chapa, akarudisha jina, mtaa na maneno ya fundi cherehani, akatia sahihi yake chini ya ukurasa ili asije akasingiziwa mwingine.

Alhamisi asubuhi aliingia dukani kwa mwoka mikate.

"Mkate umekwisha," alisema mke wa mwoka mikate.

"Na hiyo iliyo nyuma yako?"

"Ina wenyewe."

"Akina nani?"

"Watu wasiofukua makaburi."

"Aliyeyachimba umeshamuuzia wake?"

Wateja waliinamisha macho. Mmoja alitema mate mlangoni. Mji wetu ulisema umechoshwa na habari za zamani, ilhali ulikuwa haujakubali kuzisikia hata mara moja.

Jioni alikuja dada yake, Adelheid, naye hakuvua koti.

"Irmtraud, yule ndiye aliyempa mama dawa bure majira yote ya baridi. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Mzee wa miaka sitini! Hukuweza kumsitiri?"

"Wale watoto wa shimoni, Adelheid, hata mkubwa wao leo angekuwa hajafika arobaini."

"Siwajui mimi hao! Namjua Kettwich. Mume wangu yumo chamani, wanangu wanasoma na wajukuu wake. Chagua."

"Limeshachapwa."

"Basi umechagua," Adelheid alisema, akaondoka.

Kettwich alitumikia miaka miwili, akarudi dukani kwake, na chama kikamfanyia karamu. Irmtraud alifukuzwa kazi Alhamisi ile ile. Hakuna gazeti la wilaya lililomchukua tena. Alihamia mji mwingine, akawa anapiga taipu barua za kampuni ya bima mpaka alipostaafu. Adelheid hakusema naye tena, na mwaka 1979 hakuja kumzika.