Bwana Pasi na Wimbo wa Kukamulia

Shemeji yangu ni mtu wa nguo zilizonyooka. Hata shambani huenda na shati lililopigwa pasi, ndiyo maana majirani wanamwita Bwana Pasi. Kazi ya shamba anaipenda akiwa amesimama kando ya uzio, mikono nyuma.

Mume wangu alipofariki, shemeji alichukua kwanza shamba la majani ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe akaniachia, maana kiangazi kilikuwa kimeshika na hakuna aliyetaka kuhangaika na malisho. Nilihangaika mimi, nikikata majani mpaka kule bondeni kwenye mbu. Mvua ziliporudi na ndoo ikaanza kujaa maziwa, shemeji akakumbuka kuwa ile ni mali ya kaka yake. Akamswaga ng'ombe na ndama wake, mchana kweupe.

Sasa, ng'ombe huyo ana tabia yake. Haachii maziwa mpaka asikie wimbo aliouzoea. Shemeji alimkanda kiwele, akampaka mafuta, akambembeleza kwa pumba. Alichopata ni teke la kifuani, kwato ikabaki imechorwa kwenye shati. Ndipo akaja mlangoni kwangu, mpole kama mkwe mpya.

"Shemeji, huwa unamwimbia nini?"

"Wimbo tu. Lakini hataki libadilishwe hata neno."

Akasema atauweza. Nikamfundisha polepole:

"Bwana Pasi mwizi, nguo safi roho chafu, shamba la mjane kala, bado anaramba kisahani."

Akasema huo ni utovu wa adabu. Nikamwambia hayo akamweleze ng'ombe.

Asubuhi, majirani wakiwa na madumu yao kwenye uzio wake wakingoja gari la maziwa, sauti ikatoka zizini, ya chini, ya aibu. Ng'ombe hakuachia, amezoea koo langu, na koo langu halijui kunong'ona. Ikabidi shemeji apaaze. Maziwa yakatoka. Dereva akazima gari ili asikie vizuri, na jioni watoto walikuwa wanaruka kamba kwa wimbo huo.

Mkewe hakuvumilia. Ng'ombe alirudishwa na shemeji mwenyewe, shati limejikunja.

"Basi umbadilishie wimbo," akaniomba.

"Shamba likirudi, shemeji."

Bado analo. Nami bado nakamua kwa wimbo ule ule, na juzi nimeuongezea ubeti.